Heshima Yangu na Gobore Tupu

Mama Kaanaeli,

Nimeteremka mjini kununua baruti na fataki za gobore. Ndiyo, kwa bei ileile niliyoiita wizi. Usicheke kabla hujamaliza kusoma.

Juzi dukani nilifanya kama tunavyofanya sote: nikaguna, nikageuka, nikaondoka polepole ili mwenye duka aniite. Nikafika daraja la Themi bado nimetega sikio. Hakuniita. Tangu vita hivi vianze, baruti haimbembelezi mtu. Nyumbani nikakwambia nimekataa bei ile ili kulinda heshima yangu.

Basi heshima yangu umeiona leo alfajiri. Nyani wamejaa kwenye mahindi, nami nawaelekezea gobore tupu na kupiga "puu!" kwa mdomo. Yule dume mkubwa akanitazama, akavunja hindi jingine. Wewe ukatoka unagonga kifuniko cha sufuria, wakakimbilia msituni wote. Na husemwa nyani hawamwogopi mwanamke!

Ng'ombe hajanyweshwa. Mkungu ulio nyuma ya jiko umekomaa, ukate kabla wale hawajauona.

~~Nyani wakirudi, mwite kaka yako Sadoki aje na mkuki.~~ Wakirudi, toka wewe tu.

Leo mwenye duka akitaja bei, nitalipa bila kugeuka. Mahindi yakiisha, watoto hawatakula heshima yangu.

Makande yafunike kwa jani la mgomba. Kifuniko kiko zamu mpaka nirudi.

Baba Kaanaeli