Mlio wa Miti Katika Shimo la Lusangi

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Atumani amenicheka tena. Nimeingia dukani kwake, pale anapotengeneza simu, nikiwa na ekuteri zangu masikioni — zile za waya, za kuingiza ndani kabisa ya sikio, plastiki yake imeshageuka manjano. Vijana wawili walikuwa wanachagua zile mpya zisizo na waya. Mmoja akauliza kama zangu ni za hospitali!

Waende zao. Wanataka besi tu, ngoma ya kupiga kichwa. Zangu hazina besi nyingi, ndiyo maana hakuna mutu anazitaka. Hata kwenye grupu yetu ya WhatsApp ya wapenda sauti wanasema zimepitwa zamani. Ila tuko watu watatu wanne, mmoja wa Kindu, mmoja wa Bukavu, hatujaziacha. Na Atumani huyu anayecheka mbele ya wateja, wakishatoka ananyoosha mkono: lete kidogo.

Leo tumesikiliza kwaya ya wamama, sikio moja yeye, sikio moja mimi. Akasema: "Yule mama wa nyuma anavuta pumzi kabla ya wenzake." Kweli! Kwenye spika ya redio husikii hiyo hata siku moja.

Kesho Lusangi, kwa ajili ya kipindi cha redio yetu kuhusu wachimbaji wa dhahabu. Mdogo wangu Joël, anayechimba kule, amekubali kushuka shimoni na kinasa sauti changu.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimerudi Kasongo. Mgongo umekufa. Siku nzima juu ya pikipiki, matope mpaka magotini, mara mbili tumesukuma.

Shimo lenyewe sikukaribia. Mwanamke akisogea, dhahabu inakimbia — ndivyo wanavyosema, na kuna wanaume wawili wa kulinda. Nilikaa kwa Hidaya, anayeuza chai na mandazi juu ya njia, pale unapouona mdomo wa shimo kwa mbali. Nilipomwonyesha Joël pa kubonyeza alicheka: "Yaya, mimi si mutoto." Ananiita yaya, dada mkubwa, na nimemzidi mwaka mmoja tu.

Kipindi kitakuwa kizuri. Chuma juu ya jiwe, wanaume wanataniana, mmoja anaimba kwa Kibangubangu, maji yanadondoka. Nimefumba macho nikasikiliza kadi hii ya kwanza mara tatu. Ni kama nimekaa katikati yao. Kinasa sauti nimemwachia Joël, aendelee kunitumia kadi.

Alhamisi, 13 Novemba

Mvua siku tano. Joël amenitumia kadi ya pili kwa mutu wa pikipiki, imefungwa ndani ya karatasi ya sabuni.

Wanacheka sana. Wamefikia mshipa wa dhahabu. Lakini chini ya vicheko kuna kitu. Krr. Kimya. Kisha krr tena. Kama mutu anatafuna mahindi makavu mdomo umefungwa.

Nimesafisha ekuteri kwa kitambaa. Nimebadilisha waya. Nimesikiliza kadi ya kwanza — haipo. Ya pili — iko pale pale, dakika ya nne, ya saba, ya tisa.

Jumamosi, 15 Novemba

Nimempelekea Atumani. Sikumwambia kitu, nilimwekea tu masikioni. Dakika ya nne akaacha kufungua simu ya mteja. Dakika ya saba akaweka bisibisi chini.

— Hii umenasia wapi?

— Shimoni, kwa Joël.

Baba yake alichimba miaka mingi upande wa Wamaza. Atumani anasema ni mti. Mti wa kushikilia dari ya shimo, umebebeshwa kuliko nguvu yake. "Baba alinifundisha mlio huu nikiwa ningali mudogo. Alisema ukiusikia, toka, usirudi kuchukua hata shati."

Nimekimbia redioni kwa mkubwa wetu, Mama Anastasie. Spika ya studio: hakuna. Ekuteri kubwa za studio, zile za kufunika masikio: vicheko na besi, buu buu buu. Akanitazama kwa huruma. "Aurélie, hizo zako zimezeeka. Zinakwaruza zenyewe." Akaongeza kwamba tukitangaza shimo la mutu ni bovu, bila hakika, wachimbaji wote watatufungia mlango. Anasema nipumzike.

Ekuteri hazikwaruzi. Ninazijua hizi.

Simu ya Joël haishiki. Kule kwao mtandao uko juu ya kilima kimoja tu, na yeye yuko chini ya ardhi. Nimeandika barua.

Jumanne, 18 Novemba

Jibu limekuja, pamoja na kadi ya tatu. Barua yenyewe ni fupi. Yaya, usinitie haya mbele ya watu. Pedege — ndivyo wanavyomwita mwenye shimo, Hippolyte — amesema miti ni mipya. Hakuna mutu anatoka sasa. Anayetoka, mwingine anaingia mahali pake. Na Nadine — mke wake — anazaa mwezi ujao.

Kadi ya tatu. Sitaki kuandika.

Krr haikatiki tena. Na juu yake kuna mchanga, mwembamba, unamiminika kama mchele kwenye sinia. Joël anaongea karibu kabisa nao. Anacheka. Ni kama ameegemea palepale.

Kesho naondoka. Mama Anastasie sijamuomba ruhusa.

Alhamisi, 20 Novemba — Lusangi

Nimefika, siku mbili njiani, nguo zote maji. Hidaya amenipa kitenge chake.

Joël amepanda kutoka shimoni jua likiwa bado juu. Amekonda! Macho mekundu, kucha zimejaa udongo mwekundu. Amefurahi kuniona, kisha akaona nina simu na ekuteri mkononi na uso ukabadilika. Nikamwambia, sikuombi kitu kingine, sikiliza dakika moja. Dakika moja tu. Nikasogeza ekuteri kwenye sikio lake. Akasukuma mkono wangu — kwa nguvu, Joël ambaye hajawahi kunisukuma hata tukiwa watoto.

"Yaya, nikisikia hiyo, sitaweza kushuka tena."

— Basi usishuke!

"Na nisiposhuka niwe nani? Nikae nyumbani nimwangalie Nadine?"

Akaenda kuoga mtoni. Hakurudi kunywa chai. Hidaya anasema wanaume wote wa shimo lile wamekuwa hivyo tangu wapate mshipa, hawataki kuongea kuhusu kitu chochote kingine, na hawataki kuongea kuhusu shimo pia.

Mvua imeanza tena.

Ijumaa, 21 Novemba

Wameshuka asubuhi, watu kumi na wawili. Joël wa tatu. Hakugeuka.

Nimemngojea Hippolyte kwa Hidaya. Ni mutu wa heshima, siwezi kusema uongo. Ameniletea kiti mwenyewe, ameuliza habari za redio, habari za wazazi. Nimemwambia yote. Akacheka kidogo alipoona waya. "Mama, hizi bado ziko?" Lakini akazivaa. Nikamwekea kadi ya tatu.

Mwanzo alitabasamu, alitambua sauti za watu wake, akataja majina. Kisha tabasamu likabaki mdomoni peke yake. Akaniashiria nirudishe nyuma. Nikarudisha. Akasikiliza tena, anaangalia chini, kidole kinagonga goti. Kikaacha kugonga.

Akazivua polepole. Akanirudishia kwa mikono miwili.

"Hakuna kitu, mama. Ni maji."

Akaagana vizuri, akaelekea shimoni bila haraka. Nikapumua. Hidaya akanimiminia chai. Nilikuwa ninajiambia: amefanya kazi hii miaka ishirini. Kama ni maji, ni maji. Nilikuwa hata ninaona aibu, kumwaibisha Joël hivyo —

Kisha nimeona Amani anatoka shimoni. Amani ni mwana wa dada yake Hippolyte, mwanaume mzima, ana watoto wawili. Ametoka peke yake. Amejaa udongo mpaka kope, amekasirika: "Mujomba, umeniitia nini katikati ya kazi?" Hippolyte amemwambia achukue pikipiki aende Kabambare sasa hivi, amletee betri za tochi.

Betri! Boksi nzima iko hapa chini ya meza ya Hidaya. Hidaya anamuuzia Hippolyte mwenyewe kila juma!

Nimengoja mwingine atoke. Nimengoja. Hakuna aliyetoka. Hippolyte amesimama mbali na mdomo wa shimo, mbali sana, mikono nyuma. Wale walinzi wawili wanamtazama yeye, hawanitazami mimi.

Nimemfuata Amani kwenye pikipiki. Nimemwambia mjomba wake amesikia nini dakika kumi zilizopita. Ameangalia shimo, ameangalia mjomba. Nimemuomba tochi yake ya kichwani. Ameivua. Nimeivaa, mkanda nimefunga mwenyewe.

Naandika haraka nimesimama. Amani anasema kuna ngazi mbili, kisha unatambaa mkono wa kushoto, Joël yuko mwisho kabisa. Nashuka kumtoa.

Hidaya ameona. Anakuja anakimbia, ameacha chai motoni, anaita jina langu. Kaye hii ninayoandikia ninampa yeye. Amenishika kitenge, anasema mwanamke haingii mule, Aurélie, haingii, ngoja kwanza, ngoja —