Sijiondoi kwa Kidole Changu

Jumamosi, jioni. Mvua ya vuli imenyesha tangu asubuhi, ikakatika kidogo adhuhuri, sasa imerudi. Maji yanapita kichochoroni mbele ya mlango wangu na leo sina hamu hata ya kuweka tambara kizingitini. Nimekasirika. Nilidhani nikishakunywa chai hasira itapungua. Haikupungua, basi naandika nayo hivyo hivyo.

Leo nimeambiwa nijifukuze mwenyewe.

Wanaosoma hapa kwa mara ya kwanza wajue kwamba mimi ni mpaka hina. Nina chumba kimoja cha chini hapa Mji Mkongwe, chenye mkeka, mito minne na feni inayolalamika, na wanawake huja kwangu kabla ya harusi na kabla ya sikukuu. Hiyo ndiyo kazi. Mapenzi yangu ni taarabu, na katika taarabu kikundi changu ni kimoja tu, Sururi. Mama yangu aliwashabikia tangu mimi niko tumboni. Nimewarithi kama wengine wanavyorithi pua.

Wiki mbili zilizopita Sururi walitoa albamu. Tuliisubiri miaka tisa. Miaka tisa tunajibu kejeli za watu kwamba wazee wetu wamekwisha, kwamba siku hizi kazi yao ni kupiga hotelini huku watalii wanatafuna. Siku ilipotoka nilifunga mlango, nikazima feni, nikazisikiliza nyimbo zote kumi mfululizo bila hata kuinuka.

Zote kumi ni za watu.

Hakuna hata mmoja mpya. Wamechukua nyimbo za zamani za vikundi vingine wakaziimba upya, na upya wenyewe ni wa kutafuta kwa tochi. Fidla zimebaki mbili. Ganuni inasikika kama inapigwa nyumba ya tatu. Kila palipobaki nafasi wametia kinanda cha umeme, albamu nzima ikawa kama maziwa yaliyotiwa maji: rangi ni ile ile, lakini ukinywa unajua. Nilikaa pale kwenye mkeka nikalia, na sioni haya kusema. Kulia kwenyewe kulikuwa kwa hasira.

Kisha nikafanya kosa langu, kama ni kosa. Katika kundi letu la mashabiki la kwenye simu nikatuma ujumbe wa sauti wa dakika nne. Nikasema albamu ni mbovu.

Moto ukawaka. Kuna waliosema mimi nani wa kuwafundisha watu walioshika fidla kabla sijazaliwa. Mmoja akaandika kwamba bila shaka nimetumwa na kikundi cha Bahati, ndio wapinzani wetu wa tangu na tangu. Mwenzetu mmoja wa Matemwe, mkulima wa mwani, mwanamke mwenye ulimi kuliko sisi wote, aliuliza: mtunzi wa Sururi amefariki, hajapatikana wa kushika nafasi yake, sasa nilitaka waimbe nini, hesabu za kuzidisha? Hapo nilicheka peke yangu. Na alikuwa na haki. Nyimbo za watu si haramu. Wimbo wa pili katika albamu hii, nakiri, wameuimba vizuri kuliko wenyewe.

Lakini mimi sikukasirishwa na wa pili. Nimekasirishwa na wa saba.

Wimbo wa saba ni wa Bahati. Umri wangu ulikuwa miaka kumi na miwili ulipotungwa, na najua ulivyotungwa kwa sababu nilikuwepo. Ilikuwa harusini. Bi Nasra, mwimbaji mkubwa wa Sururi, alikuwa jukwaani mbele ya umma wote wa wanawake, na sauti ikamkatika katikati ya ubeti. Alijaribu mara ya pili ikakatika tena. Akashuka. Mama yangu alikuwa miongoni mwa waliompokea chini na kumfunika kanga.

Bahati hawakungoja hata mwezi. Wakatoka na wimbo wa jogoo aliyepotelewa na sauti, anayeomba kuku wamwikie. Mji mzima ulijua jogoo ni nani. Watoto waliuimba njiani kuelekea chuo cha Kurani, wauza kahawa waliupiga mluzi. Bi Nasra alijifungia ndani, na aliporudi jukwaani alikuwa mtu mwingine. Aliimba akitazama sakafu. Hadi leo huimba akitazama sakafu, na vijana wanadhani ni madaha.

Tangu hapo mashabiki wa Sururi wana desturi yao. Wimbo ule ukipigwa mahali popote, iwe harusini au ukumbini, sisi tunanyanyuka na kutoka nje mpaka uishe. Hatutukani mtu. Mama yangu alitoka katika harusi ya mdogo wake mwenyewe, amekamata sahani ya biriani, akaenda kuilia ngazini. Mimi nilimfuata na soda yangu.

Na sasa Sururi wenyewe wameurekodi. Wanasema msimamizi wao mpya ni kijana, alitazama ni nyimbo gani za zamani zinasikilizwa sana, akaziokota. Hakujua. Sawa, yeye hakujua. Lakini wazee sita waliokaa studio na vyombo vyao walijua, na wakapiga. Jumamosi ijayo ni uzinduzi, tutatakiwa tuinuke tucheze na twende mbele kumtunza pesa mwimbaji mwingine kwa wimbo uliomvunja Bi Nasra. Kwa hiyo mwisho wa zile dakika nne nilisema: wa saba ukianza, mimi natoka.

Hilo ndilo walilokataa kunisamehe. Ubovu wa albamu wangeumeza. Kutoka, hawawezi.

Leo saa nane Rukia alikuja. Rukia ni mwenyekiti wetu wa mashabiki na shoga yangu wa miaka ishirini. Kesho anaozesha mtoto wa dada yake, na nafasi yake ya hina aliiweka zamani, kabla ya albamu na kabla ya maneno. Aliingia, tukaamkiana kama kawaida, akakaa kwenye mto, akanyoosha mikono. Nilimpaka mikono yote miwili mpaka vidoleni, nikashuka miguuni. Maua yalitoka mazuri, mkono wangu hauna habari na ugomvi.

Nilipokuwa namalizia mguu wa kushoto simu yake ikaanza. Ujumbe juu ya ujumbe, inatetema mkekani kama inataka kukimbia. Rukia akaitazama, akaitazama mikono yake iliyojaa hina mbichi.

"Zuwena," akasema, "hebu nisomee. Mie ndo hivyo tena."

Nikaishika. Nikasoma. Wa kwanza alikuwa anauliza kama mwenyekiti ameshanitoa kundini au bado. Wa pili alisema uongozi wa Sururi hautawapa mashabiki viti vya mbele kama mimi nimo. Wa tatu alisema anayetukana nyumba yake ahame. Nilisoma yote kwa sauti ya taarifa ya habari, neno kwa neno, bila kuruka hata nukta. Rukia alikuwa ameinamisha kichwa.

Nilimuuliza kama alikuwa analijua hilo wakati ananinyooshea mikono. Akasema analijua tangu jana. Kamati imekaa, imekata shauri, na yeye ndiye msimamizi wa kundi. Akasema angefanya nini, apake hina wapi kwengine, hakuna anayepaka kama mimi. Hilo sikulipinga.

"Basi bonyeza jina lako," akasema taratibu, "kisha bonyeza ondoa. Yaishe. Mie siwezi kuigusa."

Nataka nieleweke hapa. Lile kundi si la nyimbo tu. Mama alipofariki, ni wao waliokuja kabla hata ndugu zake wa Makunduchi hawajafika. Walipika siku tatu, waliosha vyombo, walisoma Kurani, na mmoja alilala na mimi wiki nzima kwa sababu niliogopa kitanda cha mama. Nikitolewa mle, sitajua nani kazaa, nani anauguza, nani kafiwa. Nitakuwa mpaka hina wao tu, mtu wa kuitwa kwa zamu. Hilo liliniingia palepale, simu yake ikiwa mkononi mwangu, na jina langu liko mbele yangu kwenye kioo.

"Kidole changu hakifanyi kazi hiyo, Rukia," nikamwambia. "Ukitaka kunitoa, nitoe kwa chako."

Akavitazama vidole vyake. Hina ilikuwa mbichi mpaka kwenye kucha, na ilihitaji saa nzima au zaidi kukauka, na mvua hii. Nikaiweka simu yake chini, mbali kidogo, nikaenda kuchemsha chai.

Mtu aliyepakwa hina mikono yote hawezi kushika kikombe. Kwa hiyo nilimnywesha. Nilikaa mbele yake, nikapuliza, nikampelekea kikombe mdomoni, na mkate wa kumimina nikamkatia vipande vidogo nikamlisha. Mwenyekiti aliyekuja na hukumu yangu alikula mkononi mwangu. Nilitamani kucheka, na nadhani na yeye pia.

Ndipo tulipozungumza. Alisema hoja yake, na ni hoja. Sururi wamebaki wazee, ukumbi usipojaa Jumamosi huenda wakavunja kikundi. Mashabiki wenyewe tukisema kazi ni mbovu, nani atakuja? Akaniomba nione kwamba ananyamaza kwa mapenzi. Nikamwambia chema chajiuza, kibaya ndicho kinachotembezwa. Nikamwambia la kuvunda halina ubani, tutafukiza albamu hii mpaka macho yatutoke na harufu itabaki. Mimi nimewapenda watu hawa miaka arubaini. Nikiwadanganya leo, ile arubaini yote nayo itakuwa nini?

"Na Bi Nasra mwenyewe?" akaniuliza. "Ushakwenda kumuuliza?"

Sikuwa nimekwenda. Naliandika hapa kwa sababu ni aibu yangu. Napita Michenzani kila wiki, jumba lake nalijua na ngazi zake nazijua, na wiki mbili hizi sikupanda. Niliogopa ataniambia niache. Nimepiga kelele kwa ajili ya mtu ambaye sikwenda hata kumwamkia.

Rukia alikwenda. Alinisimulia akiwa ametazama ukutani. Bi Nasra alikuwa anachagua mchele. Alipoulizwa kuhusu wimbo wa saba hakuacha kuchagua. Alisema, "Waacheni waimbe. Mie nshazeeka." Basi. Kamati ikachukua hayo ikasema mwenyewe ameridhia.

"Ameridhia?" nikamuuliza Rukia.

Mama yake Rukia naye alikuwa akitoka. Yeye na mama yangu walikuwa wakikaa ngazi moja, wakisubiri wimbo uishe. Mwana kidonda, mjukuu kovu, wanasema, lakini Rukia si mjukuu. Anajua kama ninavyojua mimi kwamba mtu akisema waacheni, nshazeeka, hajasamehe. Amechoka kujitetea peke yake.

Hina ilipokauka niliikwangua, nikampaka mafuta ya karafuu. Ilikuwa imekolea, nyekundu inayokaribia nyeusi. Alisimama akachukua simu. Nilidhani labda ataitia mkobani tu. Hakuitia. Alibonyeza mara moja, akangoja, akabonyeza mara ya pili, na juu ya kabati simu yangu ikalia. Sikuhitaji kuitazama.

Sikulia. Nilikunja mkeka.

Alivaa ushungi, akavaa viatu, akafika mlangoni akasimama akitazama mvua. Kisha akaniuliza bila kugeuka, "Huo ukumbi una milango miwili. Ukitoka, utapita upi?"

"Wa mbele," nikasema. "Mbele ya watu wote."

Akaitikia kwa kichwa, akafungua mwavuli, akaenda zake.

Sijui ameuliza ili waniwekee mtu wa kunizuia au ili ajue pa kunifuata. Nimelifikiria tangu alasiri na nimeamua kwamba halinihusu. Kesho, mvua isimame isisimame, nitapanda ngazi za Michenzani nimwamkie Bi Nasra, nimchagulie mchele, na akitaka kunigombeza anigombeze.

Na Jumamosi nitakwenda kwenye uzinduzi. Tiketi nitanunua mlangoni kama mgeni. Sare ya mashabiki nimeshaishona, hawana kitufe cha kuniondolea hiyo mwilini. Nitaimba nao nyimbo sita, hata zile mbovu. Wa saba ukianza nitanyanyuka, nipite katikati ya viti, nitoke mlango wa mbele, nikae ngazini, hata nikiwa peke yangu.

Ukiisha nitarudi ndani nikae nisikilize wa nane. Sururi ni yangu pia.