Mwendo wa Ajiko

Jumanne, 5 Agosti 2025

Samahani. Sijui naomba nani, hapa hakuna wa kusoma ila mimi, lakini samahani. Mara ya mwisho niliandika kabla ya Pasaka, nikajiahidi kila Jumapili. Halafu kimya. Nilijua nikishika kalamu nitaandika jambo hili, na sikutaka kuliandika. Leo naliandika: mguu wa Ajiko unarudi.

Viatu vyake vya kulalia – vile vya hospitali, viwili vilivyounganishwa na chuma katikati – vimekuwa vidogo. Vidole vinajikunja ndani. Nikimfunga analia. Namfunga tu. Sista wa kliniki aliniambia wazi: Mama Ajiko, plasta tulimaliza, mshipa tulikata, sasa kazi ni yako. Akiacha viatu kabla ya miaka minne, mitano, mguu unapinda ndani tena na tunaanza mwanzo. Ana mitatu na nusu. Saizi yake kliniki imeisha. Iko Nairobi.

Nairobi ndiko yuko babake.

Mwezi wa tano nilimtumia Emukule voice. "Baba Ajiko, sikia, mguu unarudi. Haki ya Mungu, mguu unarudi!" Nililia kidogo mwishoni, nilikuwa nimechoka. Viatu havikuja. Ilikuja video. Emukule jukwaani kwa kazi yake ya uchekeshaji, amejifunga leso, amebeba thamosi kama yangu ya chai, analia kwa sauti yangu. Ukumbi mzima chini kwa kucheka.

Nimeiona mara moja tu. Wengine wameiona kwa niaba yangu.


Alhamisi, 7 Agosti

Foleni ya malori hapa mpakani leo ilipita kituo cha petroli. Chai yangu ya kuuza iliisha, mayai yaliisha. Siku nzuri, ningesema.

Lakini dereva mmoja wa Mombasa. Nilimuuliza tu, boss, sukari vijiko vingapi? Akashusha kioo chote. "Eh! Si wewe ndiye yule! Hebu sema kidogo." Niseme nini? "Sema mguu unarudi!" Turniboi wake, yule msaidizi wa lori, akasema kabla yangu, kwa ile sauti nyembamba ya kulia. Lori la nyuma likapiga honi. La nyuma yake pia. Kumbe wote wanajua, hata jina wameshanipa: Mama Mguu.

Moja limeandikwa nyuma kwa rangi nyekundu, herufi nzuri kabisa: MGUU UNARUDI.

Nikauliza tena, boss, vijiko vingapi? Nikammiminia ile ya chini yenye majani.


Jumapili, 10 Agosti

Mabango yamebandikwa mpaka kwa ukuta wa kanisa. WATOTO WA PAMBA WARUDI NYUMBANI. Emukule katikati na leso yangu. Kushoto Vivian, yule wa kulia kwa TV. Upande wa kulia Okedi na mashine zake za muziki. Jumamosi ijayo mchana, godauni la kiwanda. Kiwanda chenyewe kilifungwa zamani, lakini bado tunaitwa watu wa pamba, na nyumba tunazokaa bado zinaitwa laini.

Watu wanauliza mbona mahali padogo hivi pametoa waigizaji wote hawa. Mimi wa Rukala, niliyeolewa tu huku, najua. Walifunzwa kwa matanga. Kwetu mtu akifa tunalia, basi. Hapa laini, mkishazika na kula, mtu wa karibu anasimama na kutembea vile marehemu alitembea. Anakohoa vile alikohoa. Watu wanacheka mpaka machozi. Wanasema mwendo umebaki bila mwenyewe, kwa hiyo mtu aubebe mara ya mwisho. Lakini aliye hai haigwi. Kabisa! Mtoto akimwiga hata jirani anachapwa.

Nilikuja kupika kwa matanga ya baba yake Emukule, nimeitwa na rafiki. Emukule akasimama, akakohoa lile vumbi la pamba la mzee, akapangusa mdomo na kofia. Mama yake akacheka mpaka akashikwa asianguke. Hapo ndipo nilimpenda. Nilifikiri mtu anayejua kumbeba baba yake hivyo, mtoto atamweza.

Mama yake ndiye naishi naye. Tata, ndivyo Ajiko anavyomwita, ni nyanya kwa Kiteso. Leo tukitoka kanisani alipita bango akiangalia chini. Nikamuuliza, mama, hutaki kumwona mwanao? Akasema, "Amekuvaa ukiwa unapumua." Akaenda.


Jumatano, 13 Agosti

Vivian amekuja! Gari kubwa, miwani, marashi nyumba nzima. Watoto wa laini wamejaa mlangoni.

"Shem! Umekonda vizuri."

Nikamwambia sijakonda vizuri, nimekonda. Akacheka, akaketi kwa kitanda, akala mihogo ya Tata bila aibu. Halafu akasema neno lake. Emukule anataka nipande jukwaani Jumamosi. Niseme yale maneno mimi mwenyewe, mara moja tu. Kisha anatoa viatu vya Ajiko mbele ya watu wote.

"Vile vya chuma?"

"Vile vile ulisema, shem. Ameshanunua. Nimeona boksi kwa macho yangu."

Nilitaka kukataa. Nikaangalia mguu wa Ajiko – alikuwa anachezea miwani ya Vivian, kisigino hakigusi chini siku hizi. Nikasema sawa. Lakini mtoto hapandi. Mtoto haguswi, haitwi, haonyeshwi. Mimi peke yangu.

"Haki ya Mungu," Vivian akasema.

Machozi yakanitoka, sijui kwa nini wakati huo. Nikamwona Vivian ameacha kutafuna. Ameinamisha kichwa kidogo, anaangalia mdomo wangu, anaangalia mkono wangu unavyopanda kufuta jicho. Na mkono wake ukaanza kupanda, polepole, hivyo hivyo. Alikuwa anajifunza.

"Usifute na kiganja," akasema. "Tumia mgongo wa mkono kama mwanzo. Ile ilikuwa tamu."

Nikamwambia mihogo imeisha.


Jumamosi, 16 Agosti

Imekwisha. Siwezi leo.


Jumapili, 17 Agosti

Naandika mchana, Ajiko analala, Tata ameketi mlangoni kama askari.

Godauni lilijaa hadi juu ya mizani ya zamani. Waganda wamevuka, madereva wameacha malori. Tata hakutaka kuja, mimi ndiye nilimwomba amshike Ajiko nyuma kabisa, karibu na mlango, nikishachukua boksi tutoke. Hilo ni kosa langu. Ningemwacha nyumbani.

Nikapanda. Emukule amenipa shavu kama tulionana jana. Ana marashi kama ya Vivian. Akasema kwa maiki, "Watu wangu, leo nimewaletea orijino!" Nikashika maiki. Nikafungua mdomo niseme Baba Ajiko – watu wote wakasema kabla yangu. Wote! Na kilio cha mwisho wakaweka. Nikasimama tu na sauti yangu ikitoka kwa watu wengine. Nilipoyasema mwenyewe, mtu mbele akapiga kelele, "Huyu hajui! Emukule anajua zaidi!" Wakacheka sana. Hata Emukule alicheka, na kweli nilisema vibaya, nilisema kama mtu anayeomba chumvi.

Nikanyoosha mkono. Boksi.

Akaliinua juu. Akasema, "Lakini mwenye viatu yuko wapi? Ajiko wa baba! Kuja!"

Nikamwambia hapana. Maiki ilikuwa kwake.

Tata alimshika gauni, gauni likachanika bega. Mtoto alikuwa hajaitwa na babake mwaka mzima. Alikimbia vile anakimbia, mguu wa kushoto ukifagia, watu wakamfungulia njia. Na Emukule akaanza kutembea kando yake. Mwendo wake hasa. Bega likishuka, kisigino juu, mkono ukitafuta ukuta ambao haupo. Hajakaa na huyu mtoto hata mwezi, lakini aliuchukua mwendo wake wote kwa dakika. Watu walikufa kwa kicheko. Na Ajiko akacheka! Akaona babake anatembea kama yeye, akafurahi mpaka akapiga makofi. Akaanza kuupinda mguu zaidi ili wafanane.

Hapo Tata akalia. Kile kilio cha matanga, cha mtu aliyepoteza, mikono kichwani. Mama mmoja wa laini akadakia. Mwingine. Wote walikuwa na macho ya kuona maiti. Maana mtoto ameigwa, na anapumua.

Emukule alisikia. Anakijua kilio hicho, amekulia ndani yake. Alisimama na mguu hewani. Nilimwona uso – kwa mara ya kwanza tangu arudi nilimwona. Nikasema moyoni, weka mguu wako. Weka wako tu.

Watu walidhani ni sehemu ya mchezo. Wakapiga miluzi. Okedi akaweka ngoma chini ya kilio cha wale mama, polepole, halafu kwa nguvu, ikaingiana vizuri sana.

Emukule akauweka mguu chini. Uliopinda. Akaendelea.

Boksi aliponipa, nililifungua hapo hapo. Raba za rangi ya waridi. Zina taa kwa kisigino, ukikanyaga zinawaka. Nilimwangalia. Akafunika maiki na kiganja, akanong'ona, "Zile za chuma haziko poa kwa kamera, Roselida. Ungenisaidia kwa kutabasamu."


Jumatatu, 18 Agosti

Tata anasema mwendo lazima urudishwe. Aliyeuchukua aje mwenyewe, mchana, atembee uani mwendo wake mwenyewe mbele ya mtoto, mtoto aone kwamba ni wawili tofauti. Zamani mlevi mmoja alimwiga mpima pamba akiwa hai, akaburutwa kutoka Moding kuja kuurudisha. Mimi si mtu wa mambo hayo. Lakini nilimpigia. Walikuwa wameshaondoka, wako Kisumu. Akasema, "Mwambie mama ni komedi tu. Video imeshika moto, na kilio chake ndicho kimeibeba."

Tata alikuwa karibu. Alisikia.


Ijumaa, 22 Agosti

Kliniki Busia. Sista aliukunja mguu, akaukunja tena, hakusema utani wake. Bado unafunguka, akasema, lakini si kwa muda mrefu. Akapima wayo upya. Akapima mabega, maana urefu wa chuma unafuata mabega. Akaandika kwa kikaratasi. Akamwambia Ajiko atembee mpaka dirishani nimwone.

Ajiko akatembea – na si mwendo wake! Ni ule wa Emukule wa kumwiga yeye. Bega chini sana, mguu unarushwa, kisha anasimama na kugeuka kuona kama tunacheka. Sista akaniuliza, huyu amefundishwa na nani?

Muuguzi mwanafunzi kando akaziba mdomo. Ameiona video.

Njiani nilimwambia Ajiko: usitembee hivyo. Akasema, "Baba anapenda." Nikamwambia mimi sipendi. Akalia mpaka Malaba. Nikambeba, na sikumruhusu avae zile za taa.

Usiku nilimfunga vile vidogo. Nilikata ngozi ya mbele, vidole vitoke nje. Afadhali vitoke.


Jumatatu, 25 Agosti

Nilimwandikia Emukule ujumbe, herufi tupu, asipate sauti ya kuchukua. Siku nzima kimya. Jioni akajibu: "Sina time ya kusoma Mama Ajiko. Nitumie voice. Ongea tu kama kawaida yako."

Kama kawaida yangu.

Nimekaa na simu. Tata anasema usitume, atakuvaa tena. Lakini nani mwingine atafika dukani Nairobi? Kwa hiyo nitatuma. Naandika hapa kwanza, nisome kama karani anayeita majina, bila kupanda wala kushuka, bila Baba Ajiko, bila Mungu, bila neno ambalo mtu anaweza kulicheka. Nimejaribu mara kadhaa. Mwanzo Tata alitikisa kichwa, kulikuwa na kulia ndani. Sasa anasema iko kavu. Nasoma:

Viatu vya kulalia vya mguu uliopinda, jozi moja, vyeupe, vya kufunga na mikanda, si kamba. Wayo sentimita kumi na tano. Chuma cha katikati, kipimo cha mabega, sentimita ishirini na sita, na spana yake ndogo. Mguu wa kushoto uelekezwe nje, wenye duka wanajua. Soksi za pamba, ndefu, zisizo na mshono kidoleni, jozi nne. Vitumwe kwa basi la asubuhi, viandikwe Roselida, steji ya Malaba, si Mama Mguu. Raba nimempa dereva azirudishe kwako. Na mwendo wa Ajiko. Huo hautumwi kwa basi. Uje nao mwenyewe, mchana, bila leso, bila kamera, kutoka mlangoni mpaka kwa kamba ya nguo, mbele ya mama yako, ukikanyaga kwa kisigino chako, polepole, ili mtoto aone kwamba nyinyi ni wawili tofauti.