Obokano Yangu Iliyoko Amerika

Kemunto mjukuu wangu,

Obokano yangu, kinanda chetu cha Kisii cha nyuzi nane, ilitoka hapa Birongo mwezi wa Aprili, ukiibeba wewe kwenda Amerika. Ulisema wiki sita. Nimehesabu thelathini na moja.

Nyanya yako ni mzima, na majani chai yanachumwa. Badala ya kuniambia obokano inarudi lini, unaniuliza swali: katika opera unayoitunga huko, ambamo waimbaji wanarudia sauti nne kwa nusu saa, utajuaje wakati wa kubadilisha?

Nilipokuwa na miaka kumi na tisa nilipiga obokano arusini Nyamarambe. Niliona haya kurudia sauti zilezile, nikabadilisha baada ya mara kumi na mbili. Njuga zote miguuni mwa wachezaji zikanyamaza. Mama mmoja mzee akaniuliza, "Kijana, sisi ndio kwanza tunaingia, wewe unatoka kwenda wapi?" Watu wakacheka. Nikarudia zilezile, nikaacha kuhesabu, nikatazama miguu yao. Yenyewe ikaniambia wakati wa kubadilisha.

Basi tazama miguu. Lakini mimi, bila obokano, nitaitazama ya nani? Shangazi yako anaolewa Nyaramba mwezi ujao, na ameniomba mimi nipige, si redio.

Nijibu kabla ya Ijumaa saa sita mchana, bila hadithi: obokano inarudi kabla ya arusi, au hairudi?

Babu yako.