Kigoda Nyuma ya Jiko

Jumatatu, 14 Julai

Sura ya sita imekwisha. Debe la maharage halijaisha. Nasoma kurasa kadhaa kwa sauti, Mama mkwe anachambua, kisha naweka kitabu chini namsaidia. Ndivyo mchana wetu unavyokwenda huku Ileje. Baridi ya Julai imetubana jikoni kama kuku.

Kitabu ni kile cha mkunga anayeshitakiwa kwa kubadilisha watoto wachanga. Wanawake wawili, mtoto mmoja aliye hai, kila mmoja anasema ni wake. Kitamu mno.

Mzee naye yupo. Nje, nyuma ya ukuta wa jiko, kwenye kigoda chake. Hapa baba mkwe na mkamwana hawaonani, hawasemeshani. Akikaribia anakohoa, mimi nainama, najifunika kitenge mpaka apite. Jina lake silitamki. Hata humu siliandiki, na si kwa heshima, mkono umezoea tu. Tangu niolewe hajawahi kuniambia neno. Namjua kwa kikohozi na ndala.

Lakini hadithi anazipenda. Alikuwa akisoma masomo kanisani, sasa macho yameingia ukungu, herufi hazioni. Siku ya kwanza niliyomsomea Mama ili tusilale juu ya maharage, nikasikia kigoda kinaburutwa huko nje. Hakijaondoka tena. Nikifika patamu anakohoa kidogo. Kile ni kikohozi cha kufurahi, nakijua.

Mpango: kumaliza hiki kabla ya Jumapili. Kisha chenye jalada jekundu, cha askari wa mpakani. Kisha zile hadithi fupi nilizonunua mtumbani. Hivyo viwili nitavisomea Tunduma, nyumbani kwangu. Mume wangu Ambakisye kapata vyumba viwili huko, kimoja kina dirisha la barabarani. Anangoja tu neno la baba yake ili nimfuate.

Jumanne, 15 Julai

Mzee amekataa.

Ujumbe umepita kwa Mama, kama kawaida. "Baba yako anasema usubiri kahawa ziishe." Mwaka jana ilikuwa nisubiri mahindi. Kabla ya hapo nisubiri Mama apone mguu. Mguu umepona zamani, anapanda mlima kunishinda.

Nikampigia Ambakisye. "Baba akishasema, nami nifanyeje?" Mwanaume mzima. Anapakia maroli yanayokwenda Zambia, anagombana na madereva kwa Kibemba, lakini baba yake akikohoa naye anainama.

Namchukia Mzee. Nimeandika, basi. Anakula ugali wangu, anaoga maji niliyochota, ananiweka hapa kama jembe.

Na mchana alikuja! Akaburuta kigoda, akakohoa, akakaa kungoja hadithi yake. Kana kwamba hakuna alichofanya. Nikasoma aya moja, mkunga anaingia mahakamani. Nikafunga mdomo. Nikaendelea kwa macho.

Jumatano, 16 Julai

Nimesoma kimya mchana kutwa. Kurasa nazifunua kwa kelele, makusudi, ajue kwamba hadithi inakwenda na yeye kabaki. Pa kuchekesha nimecheka kwa nguvu. Hapakuwa pa kuchekesha sana.

Kikohozi. Kimya. Kikohozi tena.

Mama: "Leo huna sauti, mwanangu?"

Nikamwambia koo linawasha. Akanichemshia tangawizi. Nikanywa yote, nikamshukuru kwa sauti ya kukwaruza.

Nimefurahi. Sina haja ya kujidanganya humu.

Alhamisi, 17 Julai

Leo nimemwonjesha. Nimesoma kwa sauti pale hakimu anapomwambia mkunga asimame, aonyeshe kwa kidole mama halisi wa mtoto. Mkunga anasimama. Anainua mkono. Nikakohoa mimi sasa, nikasema koo limekataa.

Nilimsikia anavuta kigoda karibu zaidi na ukuta. Magoti yake yaligusa matofali. Jioni akampa Mama kikombe cha asali, ya mzinga wake mwenyewe, ile anayowawekea wachungaji wakija. Ni ya koo la mkamwana, alisema.

Nimeila na viazi. Yote. Sauti sikurudisha.

Ijumaa, 18 Julai

Kitabu kimekwisha. Najua mtoto ni wa nani. Nyumba nzima najua peke yangu.

Mama amenishika mkono. Kumbe anajua tangu Jumatano kwamba koo langu ni zima. Amesema Mzee hali vizuri, usiku anamwuliza yeye mkunga alimwonyesha nani. "Hana kingine, mwanangu. Macho hana."

Nikamjibu mimi nina macho na nimefungiwa jikoni. Akauachia mkono. Ni mama mwema, hakustahili. Lakini nimesema.

Jumamosi, 19 Julai

Amesema.

Nilikuwa nafunuafunua kitabu kile kile, ili nimuudhi tu. Mama anapepeta. Ghafla sauti ikatoka ukutani. Nyembamba, ya kizee. Nilidhani ingekuwa nzito.

"Mwanangu. Yule mtoto ni wa nani?"

Ungo ukamponyoka Mama, maharage yakatapakaa jikoni kote. Baba mkwe kumsemesha mkamwana! Mzee wa kanisa! Na njiani alikuwa anapita mama Subilaga, jirani, kuni kichwani. Alisimama. Alisikia kila kitu.

Ningeweza kujibu. Neno moja lingetosha. Lakini mkamwana hajibu, sivyo? Si wao walionifundisha? Nikashusha kitenge usoni, nikainama mpaka chini, nikawa mkamwana bora kuliko wote Ileje. Kimya.

Alingoja. Nilimsikia anavyopumua. Halafu kigoda. Halafu ndala, polepole, na safari hii hakukohoa.

Tumeokota maharage bila kutazamana. Jioni mama Subilaga aliwahi mazoezi ya kwaya kuliko siku zote.

Jumapili, 20 Julai

Mzee hakwenda kanisani. Mama alikwenda peke yake, akarudi kabla ya mahubiri kwisha. Hakusema walimwuliza nini.

Aliniambia akiwa amenipa mgongo, anapuliza moto. Baba yako amesema uende. Kesho, gari la asubuhi. Hakuna cha kahawa.

Nimefunga mizigo. Nguo kidogo, vitabu vingi. Nilitaka kufurahi, nikakaa kitandani nikisubiri furaha ije. Nimempigia Ambakisye, akashangilia, akaniuliza nilimlainishaje mzee. Nikamwambia mtandao unakatika.

Mchana nikaenda jikoni. Nyuma ya ukuta hakuna mtu. Kigoda kimehamia kule mwisho wa shamba, karibu na vichanja vya kahawa. Mzee amekaa akitazama mlima asiouona, mgongo huku kwetu.

Nikafungua sura ya mwisho. Nimeisoma kwa sauti, yote, sauti ya kufika kwenye vichanja na kuvuka. Mkunga anainua mkono, anamwonyesha yule wa pili, yule maskini ambaye hakuna aliyemwamini. Mtoto ni wake. Mahakama inalia. Nimeirudia sehemu hiyo.

Mama hakuinua kichwa. Upepo ulikuwa unatoka upande wa Mzee kuja kwetu, sidhani kama alisikia. Kama alisikia, hakukohoa. Nilinyamaza kidogo kila baada ya aya, nikisikiliza.

Kesho Tunduma. Chenye jalada jekundu nimekiweka juu ya mzigo, nitakianza nikifika, dirishani. Nitakisoma kwa macho.