Safari Hii Siandiki Kwamba Hatujambo

Edmonton, London

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Naomba barua hii ikukute miguu imepungua kuvimba na vuli imenyesha vizuri shambani. Mdogo wangu Zaina, wewe unayemsomea mama, hii usiisome barazani mbele ya majirani. Mwingize mama ndani, funga mlango, ndipo uendelee.

Mama, barua zangu zote huanza kwa kusema sisi huku hatujambo. Safari hii siandiki hivyo, maana neno hilo limetuponza. Na nimeona niandike kuliko kupiga simu, kwa sababu kwenye simu nikisikia tu sauti yako nasema "wazima", halafu kadi inakwisha.

Unajua hali ya mjukuu wako Shabani, kwamba mwili umekua na akili imebaki ya mtoto mdogo. Usilolijua ni kwamba tangu amalize ile shule ya watoto wenye mtindio wa ubongo hana pa kwenda. Anashinda ndani. Ni mwanamume sasa, ananipita kimo, na bado anaogeshwa, anavishwa, analishwa. Mlango ukisahauliwa wazi anatoka mbio hadi barabara ya mabasi. Mwantumu ameacha kazi yake ya usafi ili akae naye, na mgongo wake umekwisha kwa kumwinua. Mimi nashinda ghalani nikibeba maboksi ya nyama iliyogandishwa, nikirudi nampokea mke wangu zamu.

Hapa halmashauri ya mji, sisi tunaiita kaunsili, humlipa mtu aje nyumbani kusaidia watu kama Shabani. Anakuja asubuhi, anamwogesha, anamtoa nje kidogo, mama mtu anapumua. Lakini kwanza wanamtuma ofisa wa ustawi wa jamii aone mnavyoishi. Tulimsubiri huyo ofisa mpaka tukakata tamaa, ndipo tukaambiwa anakuja.

Mama, tulifanya kama ulivyotulea. Mgeni haonyeshwi shida. Mwantumu alidamka akapiga deki, akatandika mezani kile kitambaa ulichotufumia, akapika chapati na chai ya tangawizi. Shabani tulimwogesha wawili, tukamvisha shati la Idi. Usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa ameniuma mkono, kwa hiyo na mimi nikavaa shati la mikono mirefu.

Akaja mama mmoja wa makamo, mpole. Shabani akainuka, akampa mkono, akamwambia "Shikamoo", neno lake la pekee linalotoka likanyooka. Mgeni akafurahi, akakaa, akala chapati, akaanza kutuuliza. Tulimjibu kwa Kiingereza chetu cha kuokoteza.

"Usiku analala?"

"Tunamshukuru Mungu," Mwantumu akasema.

"Na nyinyi wenyewe mnaendeleaje?"

"Vizuri tu," nikasema mimi, mwenye alama za meno mkononi.

Majibu yakaja kwamba familia inamudu vizuri, kwa hiyo hatupewi mtu.

Mwantumu akaenda kulia kwa jirani yetu Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu, ambaye binti yake ana hali kama ya Shabani na amepewa msaidizi. Nilipomfuata nilimkuta Mama Furaha amejishika kiuno.

"Mulimupikia chapati?"

"Ni mgeni, dada."

"Mugeni gani! Ule anakuya kuona mateso, weye unamuonesha kitambaa! Nyinyi Watanzania mutakufa na adabu yenu." Akanigeukia mimi. "Na weye baba Shabani, alikuuliza habari. Ukasema nini?"

"Nzuri."

"Nzuri!" Akapiga makofi. "Basi kula hiyo nzuri yako. Akirudia kuya, chai hapana. Umuambie siku ile mubaya kupita zote."

Tulicheka, mama. Hata Mwantumu alicheka na machozi yake. Sikumbuki kama tumecheka tena tangu hapo.

Tukakata rufaa. Safari hii akaja kijana wa kiume. Hatukupiga deki, hatukumpa hata maji ya kunywa, na Mwantumu kwa aibu akajifungia jikoni. Nikabaki mimi. Nikakunja shati nikamwonyesha mkono. Nikasema anampiga mama yake. Nikasema anajichafua na kupaka ukutani. Nikasema ziko asubuhi natamani nisingeamka. Akaniuliza, msaada usipopatikana mtaweza kuendelea? Nikasema hatuwezi tena kuishi naye.

Shabani alikuwa amekaa ubavuni kwangu muda wote huo, na fulana yake chafu, ananitazama mdomo. Tumezoea kusema mbele yake kana kwamba hayupo. Lakini Kiingereza amekulia ndani yake huko shuleni, anakisikia kuliko mimi.

Sasa majibu ya pili yamekuja. Wamesema nyumba yetu si salama kwake. Hawatoi mtu wa kuja, wanatoa nafasi katika nyumba ya kutunzia watu kama yeye, mji mwingine, mbali kwa treni. Mimi niliomba mtu aingie, wao wamejibu mtoto atoke. Nilikwenda ofisini kwao kuwaeleza kwamba ile "hatuwezi" yangu ilikuwa hatuwezi peke yetu. Wakanisikiliza vizuri sana. Wakasema wasaidizi wa majumbani ni wachache, foleni ni ndefu, na wanataka jibu letu Ijumaa.

Mwantumu hataki. Anasema atambeba mpaka mgongo ukatike, nami najua utakatika. Nikikubali, nani kule atajua kwamba hali wali uliochanganywa na mchuzi, kwamba akilia husuguliwa nyayo? Nikikataa, namuua mke wangu polepole. Usiniambie nimlete Korogwe, mama. Wewe mwenyewe unainuka kwa kushika ukuta.

Nisalimie mjomba wa mashine ya kusaga, shangazi mkunga, na yule mwalimu wangu wa darasa la saba kama bado anatembea. Mwantumu anakuamkia, anaomba dua zako.

Mahali hapa, kila barua, huwa naandika kwamba na Shabani anakuamkia. Nikirudi kazini hunisubiri nyuma ya mlango, ananiamkia, anaupokea mfuko wangu. Tangu siku niliyosema yale maneno haji mlangoni. Naingia, namkuta amekaa, anatazama dirisha. Mwantumu anasema ni uchovu tu.

Jana yule kijana wa kaunsili alileta picha za hiyo nyumba. Bustani, vitanda, watu wanacheka. Shabani aliposikia sauti yake aliinuka mbio, akampa mkono, akamwambia "Shikamoo". Akampokea mfuko wake, akaukumbatia kifuani. Kijana akaniuliza neno lile maana yake nini.

Nikamwambia ni salamu. Mtoto humpa mkubwa wake.

Ni mimi mwanao,
Athumani