Sinki la karibu na kitanda cha mama

Shoga, nimemshika daktari mkono mbele ya wodi nzima.

Kidonda cha mama hakisikii dawa, hilo unalijua. Leo daktari ananiambia vijidudu vyake na vya bibi wa kitanda cha pili ni aina mbili tofauti, ila vina jeni ileile ya kushinda dawa. Eti hupeana. Kimoja kinampa mwenzake nakala ya hiyo jeni.

Nikauliza, vinapeana wapi, na mama na yule bibi hawajawahi hata kusalimiana kwa mkono? Akasema penye unyevu, mara nyingi kwenye bomba la maji machafu chini ya sinki.

Hapo hapo nesi anamwaga dawa ya dripu iliyobaki, hiyohiyo ya kuua vijidudu. Kwenye sinki. Nikamtazama daktari, yeye akatazama dirishani. "Ni kidogo tu," nesi akasema. Kidogo tu, shoga. Kwa hiyo huko chini vinanyweshwa dawa kila siku mpaka viwe sugu?

Mimi hawa siwaamini tena.

Daktari akaenda kunawa, sinki lilelile, maji yakagonga tundu la bomba hilo, yakamrukia mikononi mpaka kifuani. Akaja moja kwa moja kufunua kidonda cha mama. Ndipo nikamshika.

"Nimenawa," akasema.

"Nimekuona," nikamwambia.